Je, Kila Lililo Kweli Lafaa Kutangazwa?

Swali tunaloliweka mbele yenu leo ni la zamani, ingawa chombo kilicholiamsha ni kipya. Mtu akijua jambo la kweli juu ya mwenzake, je, ukweli wake peke yake watosha kumpa ruhusa ya kulitangaza? Babu zetu waliliuliza kisimani na penye vibuyu vya pombe. Leo laulizwa kila saa ya mchana na ya usiku, kwa kuwa nyumba nyingi sasa zina simu yenye jicho la kupigia picha, na kidole kimoja chaweza kuipeleka picha hiyo Dar es Salaam, Nairobi na Muscat kabla aliyepigwa hajajua kwamba amepigwa.

Tunaandika tukiwakumbuka hasa wenzetu wa nchi ya juu ya Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, hata vijiji vya kata kama Murungu. Si kwamba watu wa huko wana kosa kubwa kuliko wengine, la, hasha. Sababu yetu ni nyingine. Waha ni watu wa heshima ya namna ya pekee: kusalimiana kwao si neno moja la kupita njiani, bali ni maulizano marefu yenye kupiga makofi na kuinama, na katika maulizano hayo mna yanayosemwa mbele ya watu na mna yanayoachwa mpaka wageni waondoke. Tena nchi hiyo imewapokea wakimbizi kwa makumi ya miaka. Mahali hapo swali letu si la mchezo, kama tutakavyoona mbele.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi siri ya nyumba ilivyotunzwa kabla ya simu. Wazee wanakumbuka habari za manamba. Tangu zamani za ukoloni vijana wengi wa Buha walishuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandika kazi, iliyoitwa SILABU, ambayo iliwachukua watu wa Buha kwa wingi. Mtu alipoandikwa alipewa namba, na kutoka katika namba hiyo likatoka jina la manamba. Kwa hiyo kijana aliyejulikana kwao kwa jina la baba na la babu alikwenda kuwa tarakimu katika daftari la mtu asiyemjua. Nani atasema kwamba mambo ya kukusanya taarifa za watu yameanza na intaneti?

Kijana yule alituma barua nyumbani. Mama yake hakujua kusoma. Barua ikapelekwa kwa aliyejua, mara nyingi mwalimu wa shule au katekista, naye akaisoma kwa sauti ya chini: fedha kiasi gani zimetumwa, nani ameugua, nani ameoa mke wa pili kule mbali na hataki mkewe wa nyumbani ajue. Msomaji wa barua za kijiji alizibeba kichwani siri za nyumba nyingi. Angetaka, angaliweza kuwachafua watu nusu ya kijiji kwa siku moja, tena kwa maneno ya kweli matupu. Wala hakuna polisi aliyemzuia, wala sheria iliyoandikwa. Kilichomzuia ni kujua kwamba barua ile si yake. Alipewa macho yake ayatumie kwa ajili ya mwingine. Akishamaliza kusoma, aliikunja akairudisha.

Tumeeleza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu twaona kwamba kila mwenye simu leo amewekwa mahali pa yule msomaji wa barua, ila watu hawajatambua. Fundi wa simu anayeletewa simu iliyovunjika kioo, ndani yake mkiwa na picha za familia nzima. Wakala wa fedha anayejua nani ametumiwa nini na nani. Mwanafunzi anayemsaidia bibi yake kufungua ujumbe. Hata mjumbe wa kundi la WhatsApp la ukoo, aliyemo humo kwa kuwa yeye ni ndugu: hawa wote wameshika barua isiyo yao.

Watu husema, “Lakini kundi letu ni la siri.” Hapo yafaa kusema wazi namna mambo yalivyo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa kwa namna ambayo hata wenye kampuni hawawezi kuusoma njiani. Lakini kufuli hiyo ni ya njiani tu. Ujumbe ukishafika, hufunguka mikononi mwa kila aliyemo katika kundi, na tangu mwaka 2022 kundi moja laweza kuwa na watu 1,024. Hao ni watu wengi. Mmoja wao akiipiga picha skrini yake, yamekwisha. Nawe ukifuta ujumbe wako kwa wote, unafuta wako, si ule aliouhifadhi yeye. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na haya hayakauki pia, kwa kuwa picha ya mwaka jana yaweza kurudi mwaka ujao ikiwa mbichi kama siku ya kwanza.

Sasa turudi kwa wale wanaosema, “Mimi sikusema uongo.” Watu wengi wema hujitetea hivyo, nao hudhani wameshinda. Wanafikiri Amri ya Nane inakataza uongo tu. Mafundisho ya Kanisa tangu zamani hutenganisha makosa mawili ya ulimi: kumsingizia mtu jambo asilolifanya, na kuyafunua maovu yake ya kweli kwa watu wasioyajua, bila sababu ya haki. La pili nalo ni kosa, ingawa kila neno lake ni kweli, kwa kuwa jina jema la mtu ni mali yake hata kama ameanguka kwa siri. Anayemnyang'anya hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alichokichukua kilikuwa halisi.

Kumbukeni habari ya Nuhu katika kitabu cha Mwanzo. Mzee alilewa akalala uchi hemani mwake. Mwana mmoja aliona akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Alichowaambia kilikuwa kweli. Wale wawili wakachukua nguo, wakaenda kinyumenyume ili wasimtazame baba yao, wakamfunika. Tazameni kwamba hawakusema kuwa baba hakulewa; hawakudanganya mtu. Tofauti ya watoto hao ni kile walichokifanya na jambo waliloambiwa au kuliona. Leo katika mitaa yetu mlevi akianguka mtaroni, wa kwanza kufika hutoa simu. Na wa pili pia. Twauliza tu: nani ameleta nguo?

Mtu aweza kujibu kwamba aliyeanguka hadharani ameacha haki yake ya kufichwa. Jibu hilo lina nguvu kidogo tu. Ni kweli kwamba aliyeko njiani huonekana na wapitao. Lakini kuonekana na watu kumi waliokuwapo, ambao kesho watamwonea huruma au watamkemea kwa jina lake, si sawa na kuonekana na watu laki moja wasiomjua, wanaomcheka kisha wakaendelea na shughuli zao. Wale kumi wanaweza kusahau. Tena, mwenye ajali je? Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipoanguka na kulipuka pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa. Miili mingine iliungua hata ikabidi itambuliwe kwa vinasaba. Nazo picha zake zilienea nchini katika simu za watu waliokuwa wakinywa chai. Mama aliyekuwa bado akimtafuta mwanawe hospitalini, ni nani aliyemuuliza kama anaridhia? Huko Marekani, maofisa walipoonyeshana picha za miili ya waliokufa katika ajali ya helikopta ya Kobe Bryant mwaka 2020, wazee wa baraza la mahakama waliamua mwaka 2022 kwamba familia mbili zilipwe dola milioni 31. Hatusemi kwamba kila chozi lina bei. Twasema hata sheria za dunia zinatambua kwamba maiti si mali ya mwenye simu.

Hapa twafika kwenye sehemu ngumu, wala hatutaki kuipita kwa mbali.

Mwezi Agosti 2024 video moja ilienea Tanzania yote. Ilionyesha binti akitendewa ukatili wa aibu na wanaume kadhaa, ambao waliupiga picha ukatili wao wenyewe. Nchi ikashtuka. Watuhumiwa wakakamatwa, kesi ikasikilizwa faraghani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma, na tarehe 30 Septemba mwaka huo washtakiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Wengi walisema, na twakubali kwamba hawakusema bila sababu: “Mnaona? Video isingalienea, wale wangalikuwa wakitembea hadi leo. Hivyo kuieneza kulikuwa ni wema.”

Hoja hii yastahili kujibiwa kwa uaminifu. Ni kweli kwamba kelele za watu zilisaidia. Ni kweli pia kwamba katika nchi yetu mnyonge mara nyingi hasikiwi mpaka watu wengi wapige kelele pamoja. Lakini tugawanye jambo hili. Aliyeipata video akaipeleka polisi, au akamwendea mbunge, mwanasheria, au chama cha kutetea wanawake, huyo alifanya kazi ya shahidi. Hata aliyeandika kwa maneno kwamba pametendeka unyama na akadai serikali ichukue hatua, alipiga kelele ile ile bila kumvua binti nguo mara ya pili. Bali aliyeituma kwa makundi matano akiandika chini yake “jamani, dunia imekwisha”, huyo aliongeza nini katika haki? Polisi walihitaji ushahidi mmoja. Hawakuhitaji watazamaji milioni. Wale waovu waliipiga video ili ionekane, imwaibishe. Kila aliyeieneza, hata huku akilia, aliwamalizia kazi waliyoikusudia. Na wala haikuishia hapo. Mahakama ilipomsitiri binti, wananchi walikuwa wamekwisha kumpa jina jingine, jina la mtaa anaokaa, na magazeti yakaliandika. Nasi hatulitaji hapa. Yafaa kufikiri namna atakavyorudi kuteka maji katika mtaa huo.

Kwa hiyo twasema: kuna wakati jambo la siri hulazimu kutolewa, lakini kutolewa kwa mwenye uwezo wa kuliponya si kitu kimoja na kutolewa sokoni. Methali yetu husema mficha uchi hazai. Watu huitumia kuwahimiza wenzao waseme yote. Lakini mama mwenye uchungu huvua nguo mbele ya mkunga. Hakuna methali iliyomwamuru kuzaa mbele ya gulio. Nasi twaongeza kwa sauti kubwa, ili mtu yeyote asitufahamu vibaya: haki ya faragha haikuwekwa ili baba mkali ajifiche nayo anapompiga mkewe, wala mjomba anapomharibu mtoto, wala kiongozi yeyote, wa serikali au wa dini, anapokula vya watu au kuwatendea vibaya. “Mambo ya ndani yamalizwe ndani” ni neno lililowazika watoto wengi wakiwa hai. Katika mambo hayo kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna maofisa wa ustawi wa jamii, kuna namba 116 ya kumsaidia mtoto, ambayo hupigwa bure. Mtoto akisema, asikiwe na achukuliwe huko. Ila asipelekwe huko kwa njia ya Facebook, picha yake ikiwa mbele.

Tukiwa bado juu ya watoto, tuseme na wazazi. Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School, shule iliyoko Uthiru, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi wao. Wapo waliolishangaa jambo hilo: shule imejisifu kwa wanafunzi wake wazuri, kuna ubaya gani? Lakini tuulize swali la mbali kidogo. Idhini ilitakiwa kwa mzazi. Je, mzazi naye aliipata wapi? Uso ni wa mtoto. Atakapokuwa na miaka ishirini, akitafuta kazi au mchumba, atazikuta picha zake akiogeshwa beseni, akilia kwa kuchapwa, akiwa na upele, zote zimewekwa na mama aliyempenda sana. Mzazi ni mlinzi wa mali ya yatima aliye hai, kama tunaweza kusema hivyo: ameshika kitu cha mtu ambaye bado hajui kukidai. Hatusemi picha ya Komunyo ya Kwanza isipigwe. Ipigwe, itengenezwe kwenye karatasi, itundikwe ukutani, itumwe kwa bibi. Kuiweka mahali ambapo kila mpita njia duniani aweza kuichukua pamoja na jina la mtoto, parokia yake na shule yake, hilo ni jambo jingine, na mzazi mwenye busara hulifikiri kabla furaha ya siku ile haijapoa.

Juu ya mikopo ya simu tutasema machache, kwa maana wengi wamekwisha kuungua. Mtu hupakua programu, hubonyeza “nakubali” bila kusoma, na kumbe amekubali kwamba majina na namba zote zilizomo katika simu yake zichukuliwe. Akichelewa kulipa, shemeji yake, padre wake na mwajiri wake hupokea ujumbe kwamba fulani ni mwizi. Katika siku zile zile za Septemba 2023 Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu ambao namba zao zilipatikana kwa njia kama hiyo. Hapa kwetu Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na leseni. Katika jambo hili kuna fundisho ambalo watu hawalioni upesi: mkopaji alidhani anatoa siri yake mwenyewe, kumbe alitoa ya watu mia mbili ambao hawakukopa hata senti. Faragha haina ukuta wa mtu mmoja mmoja; nyumba zetu zinashikana kama migomba ya shamba moja.

Sasa tuje kwenye kambi.

Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Waburundi walipoanza kukimbia tena mwaka 2015, kambi hiyo ilijaa kupita kiasi, na mwezi Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo, ikafunguliwa tena, halafu Mtendeli ya Kakonko mwezi Januari 2016, ambayo ilifungwa mwaka 2021. Watu wa vijiji vya jirani waliuza mihogo, waliazima majembe, wengine walioana na wageni hao. Pamoja nao walikuja watu wa misaada, waandishi, wanakwaya wenye kutembelea, na vikundi vya vijana vyenye fulana mpya. Karibu kila mmoja alikuwa na simu.

Fikirini mtu aliyekimbia usiku kwa sababu kuna anayemtafuta amuue. Amevuka mpaka, jina lake la kwao hataki litajwe ovyo. Siku moja wageni wema wanamletea sabuni na unga, wanampanga mstarini, wanapiga picha, na jioni ile picha iko wazi pamoja na jina la kambi, na pengine la kijiji alikotoka. Anayemtafuta naye ana simu. Aliyempiga picha hakukusudia mabaya. Amekwisha kurudi mjini amelala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa mwaka 2015 kanuni zake za kulinda taarifa za watu linaowahudumia, likitambua kwamba kwa mkimbizi karatasi yenye jina lake yaweza kuwa kinga au kifo. Kanuni hizo huwafunga watumishi wake. Mgeni mwenye mfuko wa unga hajazisoma.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Mkimbizi aweza kusema “piga tu”. Je, amekubali? Mwenye njaa aliyesimama mbele ya mwenye unga hana uhuru wa kukataa. Ridhaa ya namna hii ni kama sahihi ya mtu aliyekamatwa mkono. Wala haiwahusu wakimbizi peke yao: mgonjwa kitandani, mjane anayejengewa nyumba, mwanafunzi anayelipiwa ada, wote hudaiwa uso wao kuwa risiti. Bwana wetu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue utendalo mkono wa kuume. Sasa mkono wa kushoto ndio unaoshika kamera. Twajua jibu la vikundi vyetu, kwamba wafadhili hutaka kuona fedha zao zimefanya nini. Basi waonyeshwe nyumba iliyoezekwa, magunia yaliyofika, hesabu iliyokaguliwa, mikono inayopokea bila uso. Mfadhili ambaye hatoi tena mpaka aonyeshwe machozi ya mtu, tunashuku kwamba hakuwa akitoa, alikuwa akinunua.

Na serikali? Twatambua kwamba imefanya kazi. Katiba yetu, katika ibara ya 16, humpa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa katika nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais mwezi Aprili 2024. Anayekusanya taarifa zako yampasa kukueleza anazichukulia nini, wala asizitumie kwa jambo jingine. Nawe waweza kudai zisahihishwe, na ukidhulumiwa waweza kuilalamikia Tume. Sheria ya mwaka 2008 juu ya UKIMWI nayo huyafanya majibu ya mpimwaji kuwa siri. Hizi ni ngao nzuri, wala si siri kwamba wananchi wengi wa vijijini hawajaambiwa kwamba wanazo.

Lakini mwenye kushika ngao ya wananchi ndiye pia mwenye kushika madaftari yao. Ilipofika Januari 2020, kila mwenye laini ya simu alitakiwa awe ameisajili kwa alama za vidole, asipofanya hivyo izimwe. Sababu ilikuwa ya haki, kuwazuia matapeli. Haki hiyo huleta deni. Anayechukua alama za vidole vya taifa zima, awe ni ofisi au kampuni, anadaiwa uaminifu mkubwa kuliko yule katekista wa barua, kwa kuwa katekista angaliweza kuulizwa usoni na mama mwenye barua. Ofisi haina uso. Kwa hiyo ni haki ya raia, wala si utovu wa adabu, kuuliza: nani anazisoma taarifa zangu, kwa amri ya nani, na nani anamkagua? Anayeuliza hivyo asihesabiwe kuwa ana la kuficha. Kila mtu ana la kuficha. Ndiyo maana nyumba zina milango, na kitubio hufanyika kwa sauti ya chini.

Limebaki jambo moja, dogo machoni pa wengi, ambalo tumeulizwa na wasomaji zaidi ya mara moja. Katika jumuiya nyingi siku hizi michango ya harusi, ya msiba na ya ujenzi wa kanisa huorodheshwa katika kundi la simu: jina, ahadi, fedha taslimu, na mbele ya wengine sifuri. Orodha huletwa tena kila jioni. Wasimamizi husema inaleta uwazi, nasi twaupenda uwazi wa fedha, kwa maana bila huo jumuiya huvunjika. Lakini uwazi ni wa matumizi ya mweka hazina, si wa umaskini wa mchangaji. Mjane aliyeandikiwa sifuri siku kumi na nne mfululizo, mbele ya wakwe na watoto wake, mwisho huacha kuja katika jumuiya. Nao husema amelegea katika imani. Jumla iliyopatikana na jumla iliyotumika zaweza kutangazwa kwa wote. Deni la kila mmoja aandikiwe mwenyewe peke yake. Kwa jumuiya ya nyumba ishirini hiyo ni kazi ya jioni moja.